Hodi ya Jumanne

Mama anayetunza panya wa maabara yetu hasahau kusugua viganja vyake vipate joto, wala kugonga tundu kwa ukucha kabla ya kulifungua: "Hodi, wenyewe!" Tunachunguza jeni inayovuruga mawimbi ya ubongo, na panya walioirithi huishi roho juu. Lakini kila Jumanne mawimbi yao yalitulia. Daktari anayeongoza utafiti alishangilia, mpaka alipogundua kwamba Jumanne tu ndiyo zamu ya mama.

"Mama, usiwabembeleze. Unatuharibia vipimo."

"Haya, mwanangu."

Jumanne iliyofuata hakupiga hodi. Kwenye kompyuta mistari ilirukaruka, daktari akaridhika. Mama alikuwa ameketi kando, ameyapa matundu mgongo, na bado anasugua viganja.