Skauti Aliyeniokoa

Msichana aliyeniokoa anaitwa Everlyn. Nilimchukua akiwa na miaka miwili, siku tuliyomzika mama yake, mdogo wangu, kule Kimilili. Nilimfunga mgongoni kwa leso nikaja naye Nairobi. Kwetu Wabukusu dada ya mama ni mama, hakuna jina lingine la kumwita. Alipojua kusema aliniita Mama, na wapangaji wa ploti yote hapa Kabiria wakaniita Mama Everlyn. Mimi sikujaliwa kuzaa. Mume wangu alipoona hivyo alibeba kitanda akaenda.

Skauti aliingia akiwa kidato cha kwanza. Jumamosi wenzake walikaa kusukana nywele. Yeye alikwenda kujifunza kufunga kamba na kuwasha moto kwa njiti moja. Kila beji aliyoleta niliishona mimi kwenye shati lake, na skafu niliipiga pasi mimi. Alipofika kidato cha nne ilibaki beji moja tu, ile ya juu kuliko zote. Mwalimu Kinyanjui, kiongozi wao, aliwaambia kuwa beji hiyo haitolewi kwa kamba wala moto. Lazima skauti afanye mradi peke yake, miezi sita, wa kumsaidia mtu mwenye shida ambaye si wa nyumbani kwake, na aandike kila kitu kwenye daftari pamoja na picha.

Everlyn alipanda sukuma wiki kwenye magunia kwa kikongwe mmoja wa Riruta. Zilikuwa zimeanza kupendeza. Wiki tatu kabla ya wakaguzi kuja, mbuzi wa jirani waliingia mchana mmoja wakamaliza zote, wakala na magunia yenyewe.

Nyuma ya nyumba yangu mimi nilikuwa na magunia kumi na mawili. Udongo niliubeba kwa kichwa kutoka kando ya mto, mbolea niliomba kwa mwenye ng'ombe wa pale juu. Sukuma hizo ndizo zilizomlea. Siku ile alirudi amelia mpaka macho yamevimba, akachukua simu akaanza kunipiga picha.

"Mama, inama hapo. Shika jani. Usicheke."

"Nisicheke kwa nini?"

"Watu wa mradi hawachekangi, Mama."

Basi nikainama, nikanuna kama alivyotaka. Nilidhani ninamsaidia mtoto na kazi ya shule.

Beji ilitolewa katika ukumbi mmoja katikati ya jiji. Nilivaa gauni nililopewa na Kamla, Mhindi wa Parklands ambaye nilimfanyia kazi ya nyumbani. Mwalimu Kinyanjui alisoma daftari la kila skauti. Alipofika kwa Everlyn alisoma habari za mama mmoja wa Kabiria, mjane asiyejua kusoma, aliyekuwa akilala njaa mpaka skauti huyu alipomfundisha kupanda mboga. Nilimhurumia huyo mama. Niligeuka nyuma kumtafuta. Kisha wakaweka picha ukutani, kubwa kama mlango, na mama mwenyewe alikuwa mimi.

Wakaita wazazi wapande jukwaani kuwafunga watoto wao beji. Nilisimama, maana miguu ilikuwa imekwisha kuamua kabla yangu. Everlyn aliniona kutoka kule juu. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Nikakaa. Mke wa Mwalimu Kinyanjui ndiye aliyemfunga beji, na watu wakapiga makofi kwa yatima.

Aliposhuka alikuja na walimu wake nyuma. Akanipa mkono wa kushoto. Nimekuja kujua kwamba ndivyo skauti wanavyosalimiana, lakini kwetu mkono wa kushoto ni wa uchafu, humpi hata adui yako.

"Asante kwa kuja, mama," alisema, vile mtu anavyomwambia muuza nyanya.

Nyumbani nilimuuliza.

"Wangeninyang'anya beji, Mama. Sheria inasema mtu wa nje."

"Kwa hiyo mimi ni wa nje?"

"Kwa daftari tu."

Baada ya beji hakukuja kitu. Hilo hakuna aliyemwambia. Alizunguka maofisi ya mjini na cheti chake kwenye plastiki. Kila mahali walikigeuza wakauliza, "Hii ni ya nini?" Akieleza, wanasema watampigia. Alikwenda kuandikishwa polisi akiwa na beji kifuani. Wakamwambia atoe viatu, wakampima urefu, akapungua kwa kidole kimoja. Waliokumbuka kuwa ni skauti walimkumbuka sikukuu za taifa tu, akashike kamba tangu alfajiri kuzuia watu, awapepee wanaozimia. Akirudi amepata chupa ya maji.

Kitu kimoja ndicho kilichokuwa na soko: ile hadithi. Shule na makanisa walimwita aje aieleze ili vijana wapate moyo. Alipewa soda, akapigiwa makofi, akaalikwa pengine. Miaka minne aliieleza. Mimi sikujua imefika wapi mpaka Kamla aliporudi kutoka mkutano wa akina mama wenzake, akarusha mkoba mezani, akaniita kwa jina langu.

"Nanyama! Wewe hapana pata chakula hapa kwangu?"

"Napata, Mama."

"Leo msichana ya skauti naleta picha kwa ukumbi. Picha yako! Nasema wewe nakula maganda kwa takataka. Nasema wewe nalewa, nauza blanketi. Mama yote naangalia mimi! Nauliza, Kamla, hii si mama yako ya jikoni?"

Nilimwambia ni mtoto wangu, ni mambo ya shule tu. Hapo ndipo alipokasirika zaidi.

"Mtoto yako nasema uongo hii, na wewe najua? Miaka kumi na tisa mimi nalisha wewe!"

Alinipa mpaka Ijumaa. Miaka kumi na tisa nilimwogesha mama mkwe wake akiwa hajiwezi, na siku ya mwisho Kamla alinipekua mfuko mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Nilifika Kabiria nikamkuta Everlyn anakunywa chai.

"Nimefukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo wako. Lini mimi nilikula maganda? Pombe yangu uliiona wapi?"

"Wanataka kusikia hivyo, Mama. Mwaka wa kwanza nilieleza tu vile iko kwa daftari, wakapiga miayo. Nikisema ulikuwa na magunia yako tayari, mimi nilifanya nini sasa?"

"Hukufanya kitu."

"Basi."

Nikamwambia neno ambalo hakuna mtoto anayepaswa kuambiwa. Nilimwambia mama yake hakuuawa na ugonjwa. Alimtazama mtoto aliyemzaa akaona heri kaburi. Everlyn hakulia. Alimaliza chai, akaosha kikombe, akakifunika. Mwezi mzima hatukusemezana, na ni chumba kimoja.

Aliyevunja kimya ni yeye. Alikuja akapiga magoti pale ninapopikia. Kulikuwa na shirika la kutoka ng'ambo lililotafuta mtu wa kusimamia vijana. Walikuwa wamesikia hadithi yake wakaipenda, na kabla ya kumwandika kazi walitaka kumwona yule mama kwa macho yao. Wangekuja Jumatano.

"Siku moja tu, Mama. Wakiniandika nitawaambia ukweli. Nitakupeleka ofisini, nisimame mbele ya wote niseme huyu ndiye aliyenilea, huyu ndiye Mama."

"Utasema hivyo?"

"Haki ya Mungu."

Nilitaka hilo. Nitakuwa mwongo nikisema nilikubali kwa kumhurumia. Nilitaka kusimama mahali penye watu, naye aseme. Nilikuwa nimelitaka tangu ule ukumbi, na kwa ajili yake ningekula hayo maganda kweli.

Jumatano asubuhi alitembea mlango kwa mlango kuwaomba majirani wasiniite Mama Everlyn hadi wageni waondoke. Kanyiva, Mkamba wa mlango wa pili, alicheka mpaka akashika ukuta, akanigeukia mimi.

"Sasa tukuite nani? Mama Sukuma?"

"Kanyiva, nyamaza tu leo," nikamwambia.

"Mimi nanyamaza. Lakini wewe, kuna siku umeona kuku akiambiwa na kifaranga, jifanye hunijui, kuna wageni?"

Everlyn aliingia ndani akatoa picha zake ukutani, zote, hata ile ya siku ya kwanza ya shule. Akabeba sufuria mbili nzuri na redio, akaziweka kwa Kanyiva. Akanivua kitambaa kizuri cha kichwa, akanifunga kikuukuu. Alifanya hayo haraka, bila aibu, kama mtu anayepanga meza. Mwisho alinitazama toka juu mpaka chini, akaniambia nivue viatu.

Wageni walikuwa wawili, mwanamume mrefu na mwanamke mwenye mvi, wazungu wote. Dereva alibaki na gari barabarani. Everlyn alikuwa na skafu yake na beji yake, na Kiingereza chake kilitiririka vizuri. Mimi nilikaa kwenye ndoo. Yeye aliwatafsiria wao, kisha akanitafsiria mimi, maana hakuna aliyefikiri kwamba Kiingereza ninakisikia. Lakini mtu haoshi vyombo miaka kumi na tisa kwa watu wanaogombana, wanaosengenya na kusali kwa Kiingereza, akatoka bure. Kukisema siwezi. Kukisikia, nakisikia.

Waliuliza kama ni kweli nilikuwa nikilala njaa. Nikasema ni kweli. Waliuliza kama niliwahi kunywa. Nikasema niliwahi, na Everlyn akanitazama kwa shukrani. Nikaona inakwenda vizuri, na nikaanza kuiona ile ofisi.

Mwanamke mwenye mvi akachutama mbele yangu. Alimuuliza Everlyn kama mama huyu hana jamaa yeyote.

Everlyn hakuniuliza mimi. Alijibu mwenyewe, papo hapo, kwa Kiingereza: "Hana mtu. Nitawaomba mniruhusu niendelee kumtembelea hata nikiwa kazini. Yeye huniona mimi kama mtoto wake, maskini. Mimi humwacha aamini hivyo."

Akacheka kidogo, kicheko cha huruma. Mwanamke akamshika bega.

Hapo nikajua kwamba hakuna siku nitakayopelekwa ofisini.

"Ameuliza nini?" nikasema kwa Kiswahili.

"Ameuliza kama una watoto."

"Mwambie nilikuwa na msichana mmoja. Alikufa."

Everlyn alifungua daftari lake, akalifunga. Mwanamume aliuliza nimesema nini.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie alikufa akiwa kidato cha nne. Alikuwa skauti."

Nilitaka imchome. Nilikuwa nimemtazama usoni nione jinsi atakavyovunjika, na najua angevunjika kidogo tu ningemkumbatia pale pale, wageni na kazi vikaenda vilikokwenda. Alishika ncha ya skafu, akaiachia. Kisha akawageukia, na sauti yake ilikuwa imenyooka kabisa.

"Anasema alikuwa na binti mmoja. Alikufa mdogo sana. Kwa njaa, kabla sijamjua."

Mwanamke mwenye mvi alilia. Alinikumbatia, shavu lake kwenye kitambaa changu kikuukuu, akasema kwa lugha yake kwamba samahani, samahani sana. Nilimpigapiga mgongoni. Juu ya bega lake nilimwona Everlyn anaandika kitu kwenye daftari.

Walipoanza kutembea kuelekea barabarani alirudi kuchukua mkoba.

"Nimepata, Mama," alinong'ona. "Nimeona wamekubaliana. Nimepata."

"Njaa umeiongeza wewe."

Mkono wake ulisimama kwenye mshipi wa mkoba.

"Na hilo la kwamba nakuona kama mtoto wangu, nawe unaniacha niamini," nikasema. "Hilo pia nimelisikia."

Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule, uso wake ulikuwa wa mtoto niliyembeba kutoka Kimilili.

"Mama. Mama, ngoja nikueleze."

"Mama wa nani? Binti yangu amekufa kwa njaa, umewaambia wewe mwenyewe. Nenda, usiwacheleweshe wageni."

Alitazama kwangu, akatazama barabarani. Dereva akapiga honi. Alifunga skafu yake vizuri, akaenda akikimbia kidogo, na alipowafikia nilimsikia anawaomba radhi kwa Kiingereza, kwamba amechelewa, yule mama hakutaka kumwachia.