Kipaji Changu Kwenye Kilio cha Papa Léonard

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka (baada ya miezi mitatu ya kupita njia za nyuma nisionekane mtaani kwetu Naviundu), maana aibu niliyoipata kwenye kilio cha Papa Léonard hata mlevi wa mtaa angeikataa.

Papa Léonard alikuwa baba yake Clarisse, binti niliyekuwa najipanga kumposa. Alipofariki, wajomba wa binti wakanipa mimi kuandika biographie, yale maisha ya marehemu yanayosomwa mbele ya watu kabla ya kwenda makaburini. Kwa nini mimi? Kwa sababu mtaa mzima uliniita Écrivain, yaani mwandishi, na mimi, mnyenyekevu kama mnavyonijua, sikuwahi kumkatalia mtu. Nikisoma vizuri, nikajiambia, barua yangu ya posa itapokelewa kwa mikono miwili.

Mwalimu Placide, jirani yetu mstaafu, akanishika mkono. "Écrivain, kaa-ko kwanza na mujane. Umuulize, uandike, umusomee, ukate yenye haiko ya kweli. Kuandika ni kazi, banajifunzaka."

"Mwalimu, miye nilizaliwa nayo!"

Kujifunza si ni kwa wale Mungu aliowasahau? Halafu kumsumbua mjane anayelia (oneni huruma yangu!) ilikuwa ya nini, wakati nilijua kwamba mzee alifanya kazi ya reli, njia ya Sakania? Yatosha. Nikamaliza ukurasa mzima kabla chai haijapoa.

Kesho yake, chini ya bâche, turubai la kilio, watu wamejaa kwenye viti vya plastiki, na safu ya mbele wamekaa wazee wa reli (hakuna aliyeniambia watakuja, lakini kwani nilimuuliza nani?). Nikaanza: Papa Léonard, dereva shujaa, aliyeipitisha treni kwenye mvua na giza mpaka Sakania! Mama mmoja akalia kwa sauti, nikajiambia, haya sasa, kipaji kimekubaliwa, nikaitia karatasi mfukoni, nikamvusha marehemu kwenye daraja linalovunjika, mkono mmoja kwenye breki, mwingine unawapungia abiria wasiogope. Mzee mmoja wa reli akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia.

"Léonard?" akapasuka. "Léonard alikuwa anakatisha tiketi ku guichet! Treni yenyewe ilikuwa inamutapisha! Akipanda, ndoo ni lazima!"

Kilio kizima kikaangua kicheko, hata katekista akajificha nyuma ya kitabu chake. Asiyecheka alikuwa mmoja, Mama Béa, mjane mwenyewe. Aliniangalia, akasema polepole: "Mutoto yangu, ule mwenye unasema, miye simujue. Wa kwangu, nani atamusema?"

Nani angemsema? Gari la maiti lilikuwa limeshapiga honi. Papa Léonard alikwenda makaburini bila neno hata moja la kweli juu yake, kwa sababu yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mngedhani nimekoma. Wapi! Nikapeleka barua ya posa, nimeijaza mwezi, nyota na lulu. Wajomba, ambao sasa walikuwa wananijua, wakampa kwanza Mwalimu Placide aipime, na Mwalimu akanirudishia na mstari mmoja wa biki nyekundu: "Clarisse ni nani? Humu simuoni."

Ndipo nilipoapa: simwandiki tena mtu, mzima wala marehemu, kabla sijauliza. Nikanunua daftari, nikaenda kwa Mama Béa kichwa chini, na sasa kila Jumamosi nauliza, naandika, namsomea, na yeye anasema, "Kata." Akikubali yote, biographie itasomwa siku ya kumaliza matanga, mwaka ukitimia. Barua ya Clarisse itafuata, foleni ni foleni.

Mpaka leo tuna ukurasa mmoja tu, na nusu yake ni ile ndoo. Kumbe safari yao ya kwanza kwenda Sakania, wametoka kufunga ndoa juzi tu, aliyemshikia ndoo njia nzima alikuwa Mama Béa.