Uzi wa Fedha Menoni

Mume wangu alinioa kwa ajili ya mwanya. Sisemi hivyo kwa kujisifu; ndivyo alivyosema mwenyewe mbele ya washenga, hata baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani asiyependa upuuzi, akainamisha uso asionekane anacheka. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha ukindu mmoja mpana. Nilipokuwa nikisuka mkeka niliushika ukindu papo hapo, kwenye mwanya, na mikono ikaendelea na kazi nyingine. Yeye alikuwa mkata boriti za mikoko. Alipenda kunitania kwamba mwanya ule hata mtumbwi ungepita maji yakijaa.

Vita vya maji vilipoanza huko juu, hakuweza kutulia. Mama yake alikuwa Mmatumbi, na wajomba zake wote walikuwa milimani. Wakaja watu na dawa yao, akainywa mbele yangu, akafuta mdomo kwa kiganja, akaniambia risasi za Wajerumani zitakuwa maji. Nikamwambia maji ninayoyajua mimi ni ya kisimani, na hayajawahi kumzuia mtu kufa. Tukagombana siku mbili. Mimi nikikasirika nanuna, sipiki, sijibu salamu. Aliondoka siku ya tatu asubuhi, na nilisikia kabisa aliposema kwaheri, nikajifanya nimelala. Jambo hilo limenikaa kooni maisha yangu yote.

Katikati ya Shaabani ikaja habari kwamba askari wanakuja na mashua ya moshi. Kijiji chetu kilikuwa kidogo, nyumba kumi na kitu, ng'ambo ya mji wa Mbwera. Watu wakakimbilia mitumbwini, kila mtu na mzigo wake, maji yalikuwa yanakupwa na tope limeshika. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akachomoa pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, kwa nguvu zake zote ili mtumbwi ujinasue, na ncha ya pili ya pondo ikanipiga mdomoni. Sikuona nyota wala mwezi. Niliona tu damu kwenye kanga yangu, na nilipogusa kwa ulimi, yale meno mawili yalikuwa yakicheza, yananing'inia kwenye fizi.

Askari hawakuja siku ile. Lakini wenzangu hawakurudi. Walikwenda moja kwa moja Mafia. Waliniita, waliniomba, mwisho wakaniita mkaidi. Mimi nikashuka nikarudi nyumbani. Mume wangu akirudi angenitafuta wapi kama si pale? Nilitaka anikute, anikute na meno yangu, ili nicheke mbele yake kabla sijasema neno lolote. Ndiyo radhi niliyokuwa nimemwandalia, maana kuomba radhi kwa maneno sijui.

Huko Mbwera alikuwa amebaki sonara mmoja mzee, miguu yake imevimba, hawezi kukimbia hata angetaka. Nikavuka kwake nimefunga mdomo kwa kitambaa. Akanitazama, akaosha mikono, akayarudisha meno mahali pake kwa kidole gumba. Nilipiga kelele nadhani mpaka kijiji cha mbali cha Maparoni walisikia. Kisha akaniomba kikuku changu cha fedha, kile cha harusi, akakiyeyusha, akavuta uzi mwembamba, akayafunga yale mawili pamoja na kuyaegemeza kwa meno mazima ya pembeni, akipitisha uzi nyuma na mbele kama mtu anayefunga ua wa makuti.

"Babu, lini utautoa?" nilimwuliza, kwa jinsi nilivyoweza.

"Meno hayashikwi na uzi, mwanangu. Uzi unayangojea tu. Yanashikwa na fizi. Fizi zikipona upesi, siku arobaini, Idi nautoa. Zikivimba, uzi utakaa, na ukikaa sana hayo mawili yatavutana."

"Yatavutana vipi?"

"Mwanya utafunga."

Akanifundisha kazi yangu. Nichonge mswaki mwembamba, niutafune ncha mpaka uwe laini, niupitishe chini ya uzi, juu ya uzi, na pale ambapo ufizi unakutana na jino, taratibu, asubuhi na kila baada ya kula. Nisukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, au majani ya mpera yaliyochemshwa. Nisiume kitu. Chakula kisilale menoni, maana uzi unashika makombo kama wavu.

Siku za kwanza nilifanya yote. Sikuwa na kazi nyingine. Kijiji kitupu kina sauti zake ambazo huzijui mpaka watu waondoke: mlango wa jirani unagonga ukutani kutwa nzima, kuku waliosahauliwa wanalala juu ya miti. Nilikuwa nikisukutua nje, natema, halafu nasikiliza. Nilikula uji na samaki wa kupondwa. Nilizungumza peke yangu ili nisisahau kuongea, na kwa ule uzi maneno yalitoka na mate. Mara nyingine nilijicheka, kisha nalia papo hapo, maana hakuna kitu kibaya kama kucheka halafu ukaona hakuna aliyesikia.

Basi ikaingia Ramadhani. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa elimu, si kwa ujinga. Baba yangu alinifundisha tangu utoto kwamba mfungaji kupiga mswaki baada ya adhuhuri ni makuruhi, jambo lisilopendeza. Tena fizi zangu zilikuwa zinatoa damu kidogo kila nikizigusa, na niliogopa kuimeza nikaharibu saumu. Nilikuwa peke yangu, vita vimenizunguka, mume sijui yuko hai au la. Saumu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuwa na kasoro. Sikutaka kuiharibu kwa mswaki. Nikaacha mswaki mchana wote. Kisha nikajiambia kwamba ufizi unaotoa damu ni kidonda, na kidonda hakikwaruzwi, nikaacha na usiku pia. Nilisukutua kwa maji matupu baada ya futari nikaona nimefanya kazi kubwa.

Wiki mbili baadaye fizi zilikuwa nyekundu, zimeumuka, zinauficha uzi. Harufu ya mdomo wangu nilikuwa naisikia mwenyewe nikisujudu. Nikavuka tena Mbwera.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Fungua." Akatazama. Akainuka pale alipokaa, na kwa miguu ile kuinuka si jambo dogo. "Mswaki uko wapi?"

"Nimefunga, babu. Damu inatoka."

"Inatoka kwa sababu huupigi! Ufizi unaotoka damu ndio unaotaka mswaki. Makombo yameoza humo ndani, nawe unayalinda!" Akashika kichwa. "Nani kakwambia damu ya ufizi yafuturisha? Uiteme. Na hiyo makuruhi ya mswaki wa mchana ni ya mtu mwenye meno yake, si ya mgonjwa mwenye waya. We mwana, Mungu hakukuomba meno."

Niliudhika sana, nikamjibu kwamba yeye ni mfua fedha, si shehe. Akasema ni kweli, na akanipa chumvi. Niliporudi nilipiga mswaki mpaka mkono ukafa ganzi. Siku mbili za mwanzo damu ilizidi, nikaogopa, nikaendelea. Siku ya tano ikapungua. Siku ya kumi na mbili hapakuwa na damu tena, ila fizi bado zimevimba, na Idi ilikuwa imeshafika.

Siku ya Idi niliswali peke yangu uani, nikavaa kanga safi, nikaenda kwa sonara nikamwambia akate uzi. Akautikisa kwa ncha ya koleo. Meno yakacheza.

"Nikikata leo yatabaki mkononi mwangu. Chagua. Ukae na mwanya bila meno, au na meno bila mwanya?"

Nilijua jibu, lakini nilikaa pale mpaka jua likapinda. Niliogopa kuwa kibogoyo mbele ya mwanamume aliyeondoka tumegombana. Ndio ukweli, sina mwingine. Nikamwambia auache.

Mwezi wa Mfunguo Mosi ukapita, na Mfunguo Pili, na Mfunguo Tatu. Sasa sikuacha mswaki hata mara moja. Kila Ijumaa nilijipima. Mwanzoni ukindu mpana ulipita kwenye mwanya. Kisha ukapita uliochanwa. Kisha uzi wa kushonea. Mvua zilipoanza nikapanda mpunga kidogo, mbegu nilizookota kwenye dari za watu, na jioni nikirudi najipima tena, ingawa si Ijumaa. Mfunguo Nne mzee akaukata uzi kwa mkasi wake mdogo, akanirudishia vipande vyake ndani ya karatasi. Fizi zilikuwa za rangi ya waridi, zimebana. Akanipa kioo. Meno mawili yamesimama bega kwa bega, hata unywele usingepita. Akasema, "Mazuri." Nikamshukuru, kwani yeye alifanya alichoahidi. Mwezi uliofuata akafariki. Wavuvi wawili waliokuwa wakipita njia ndio waliomzika, nami nikabaki sina mtu hata wa kugombana naye.

Mpunga ulipoanza kuzaa nikahamia shambani kuwinga ndege. Nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti, nimekaa na kamba zangu za kuvuta, nilipoona mwanamume anakuja kwenye tuta. Amekonda, ana kidonda mguuni, lafudhi yake ya Kimatumbi. Akabisha hodi kutoka mbali, kwa adabu. Akasema amezunguka kwa njia ya Kibiti kukwepa askari, anamtafuta mwanamke mmoja. Akamtaja mume wangu.

Niliteremka ngazi bila kuzikanyaga. "Ndimi," nikamwambia. "Ndimi mkewe. Yu hai?"

Akasema, "Samahani, dada. Nionyeshe meno."

Nikafungua mdomo. Akainama, akatazama muda mrefu, na nikaona uso wake unakunjamana.

"Mwenye kupewa ujumbe huu ana mwanya. Nimeapishwa nisimpe mwingine, hata akinitajia jina la mama mkwe. Kuna watu wanalipwa kuuliza."

Nikamweleza. Pondo, sonara, uzi wa fedha, Ramadhani, yote, nikichanganya maneno kwa haraka. Akauliza sonara yuko wapi. Nikasema amekufa. Akauliza majirani. Nikasema Mafia. Akauliza huo uzi wenyewe. Nikasema vipande viko nyumbani, ng'ambo, tungoje maji yajae tuvuke. Akawa anasikiliza. Hata leo naamini alikuwa anaanza kuniamini. Alikuwa ameshakaa kwenye gogo, ametua fimbo yake chini.

Kisha akasema, kwa upole tu, "Lakini dada, nani aliyewahi kuona mwanya ukafunga?"

Hapo hasira zangu zikanipanda. Miezi minane ya kuwa peke yangu ilitoka kwa pamoja, na ikamwangukia yule maskini. Nikamwita mpelelezi, nikamwita mwongo, nikamwambia kama ametumwa kukagua meno ya wanawake basi angeanza na ya mama yake. Akainuka. Akachukua fimbo yake akaondoka kwa njia ileile ya tuta, anachechemea, na mimi badala ya kumkimbilia nilisimama nimeshika kiuno mpaka akaingia kwenye matete. Nilipokimbia nilikuta nyayo zimeishia kwenye mkondo wa kina na mtumbwi uliomleta umeshakwenda.

Sikujua alileta nini. Huenda mume wangu ananiita, huenda ni talaka, huenda ni kwamba amekufa na aliniachia neno. Baadaye watu waliporudi, shehe mmoja aliniambia nikae eda. Nikamwuliza eda ya kufiwa au ya kuachwa, akaniambia atatazama vitabuni.

Lakini jioni ile nilidhani yule mtu atarudi. Nilidhani atatulia, atanihurumia, kesho au keshokutwa nitamwona tena kwenye tuta. Nikakata kijiti kigumu cha mkoko, nikakichonga kikawa kabari nyembamba, nikakaa juu ya dungu nikaanza kukisukuma katikati ya yale meno mawili. Nilikisukuma kwa kidole, kisha nikakigonga kwa kipande cha ubao, taratibu, halafu kwa nguvu, machozi yananitoka na ndege wanakula mpunga. Nilifanya hivyo siku tisa. Kijiti kilivunjika, nikachonga kingine, nacho kikavunjika. Meno hayakusogea hata kidogo, na fizi hazikutoa tone la damu.