Mtamba Aliyezaliwa Pacha na Dume

Ujanani nilipakia mbao kwenye malori pale Mafinga. Utomvu wa paina ukikugandia kiganjani, sabuni haiutoi. Tulisugua kwa mafuta ya taa, halafu ugali wote unanuka taa. Basi. Jioni nilibeba gunia la maranda nikayatandaza kwenye banda la kuku, na hapo ndipo nilipoanza kuchungulia nyuma za wanyama. Mtu asinicheke. Anayefagia banda anaona mengi.

Kuku ana mlango mmoja tu. Mavi humo, mkojo humo, yai humo. Ule weupe juu ya kinyesi chake ndio mkojo wenyewe. Jogoo naye hana cha kuning'inia. Wanagusanisha milango, kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Bata dume anacho, kimejisokota kama parafujo. Siku niliyokiona nilimwita mke wangu aje atazame, akaniambia nikanawe mikono. Ng'ombe jike kagawiwa vizuri zaidi: juu mavi, chini mkojo na ndama. Kwa nini kuku alinyimwa? Mpaka leo najiuliza.

Kuna mwaka nilisaidia kuchinja mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Alipandwa mara nyingi, mimba haishiki. Tulipompasua, njia ya ndama ilikuwa fupi kama mfuko wa shati, imeishia njiani, kizazi hakuna. Mwenye ng'ombe akasema alizaliwa pacha na dume. Pacha wa hivyo, dume anatoka mzima, jike anaharibikiwa humo humo tumboni mwa mama yao. Kwa nje unamjua: pa kukojolea padogo, na chini yake kishungi cha nywele ndefu.

Sasa binti wa dada yangu akachumbiwa na kijana wa wafugaji wa Usangu. Shemeji yangu, baba wa binti, zizi lake lilikuwa tupu, kwa hiyo katika mahari alitaka kitu kimoja: mtamba wa kumzalia. Mshenga akamleta, amenona mpaka anang'aa. Shemeji meno yote nje. Mimi nikazunguka nyuma, nikainua mkia.

“Mzee, unaoa wewe au anaoa kijana?” mshenga akaniuliza. Watu wakaangua kicheko.

“Nachungulia tu, ndugu yangu. Huyu alizaliwa peke yake?”

“Alizaliwa na mwenzake.”

“Mwenzake dume?”

Akakohoa. “Dume. Wamenyonya pamoja, wote wazima.”

Nikamwonyesha shemeji kile kishungi, na pale palivyo padogo. “Shemeji, huyu ni wa nyama. Hatakuzalia.”

Binti alikuwa anasikiliza kwenye mlango wa jikoni, kitenge kipya kiunoni. “Mjomba na wewe! Si mumpokee hivyo hivyo?”

“Tulia, mama,” baba yake akamjibu. “Atabadilishwa tu.”

Mshenga hakubisha. Akasema kwao mitamba ni mingi, anakwenda kumleta mwingine. Tukamwambia basi anywe kwanza chai. “Nitainywa nikirudi,” akasema, akafungua kamba.

Akashuka naye kuelekea barabara ya lami. Mtamba alikojoa huku anatembea, mkojo unaruka juu badala ya kumwagika chini, nami nikabaki natazama hilo mpaka walipokata kona. Mshenga hakurudi tena.