Soketi ya Barazani

Nilitumwa kutoka Kasese kwenda Bwera kupunguza matumizi ya umeme katika ofisi moja ya serikali, na tangu siku ya kwanza sikutulia. Kila baada ya muda nilikwenda kuichungulia mita. Nikabadilisha balbu, nikaondoa birika mbili, nikarudi kwenye mita. Bado ilikimbia, nami roho juu, kwa sababu mkubwa wa ofisi alitaka ripoti Ijumaa.

Mla umeme nilimjua. Kiyoyozi cha mkubwa kilinguruma kutwa madirisha yakiwa wazi, maana hakupenda kukaa chumba kilichofungwa. Nani amwambie? Mimi niliogopa. Nikaigeukia soketi ya barazani, ambako wachuuzi na wakimbizi kutoka Kongo walizoea kuchaji simu. Simu zote zile hazikula umeme wa birika moja. Nilijua hivyo, na bado nikaiziba.

Mama mmoja Mkongo aliyeuza dagaa langoni alinifuata siku hiyo hiyo.

"Fundi, mutoto yangu iko Beni. Anaazimaka simu ya batu kunipigia. Sasa atanipata namna gani?"

"Amri ya serikali, mama," nikamjibu, nikaondoka mbio kabla hajauliza amri ya nani.

Ijumaa nikakabidhi ripoti. Mkubwa akacheka kwa furaha, akanipa mkono. "Wewe ni fundi kabisa!" akasema. Nikatoka nikiwa na haraka ya kuwahi gari la Kasese, na yule mama alikuwa ananingoja kwenye ngazi. Simu yake ilikuwa imelala siku mbili kwenye kibanda cha kuchaji kule Mpondwe, ikisubiri zamu nyuma ya simu za madereva. Ndiyo kwanza ameiwasha, na ujumbe umeingia.

"Nisomee, fundi. Miye sijue kusoma."

Nikasoma kwa sauti: "Mama, nimefika Kasindi. Nimepiga tangu asubuhi, simu yako imefungwa. Batu banasema mulihamishwa. Narudia Beni na lori hii."

Kasindi ni ng'ambo tu ya mpaka, mtu anafika kwa miguu. Ujumbe ulikuwa wa jana. Nikaipigia ile namba. Dereva wa lile lori akapokea: msichana alishuka njiani, hajui ameelekea wapi.

Nilijichukia. Mama alikuwa bado ananitazama mdomoni.

"Soma tena," akasema. "Pengine uliruka."

Nikasoma tena.