Siku Tatu Ubaoni

Nakumbuka Jumatatu moja, mama yangu aliponiita chumbani kwake, nyumbani kwetu Kamuli, akanikabidhi kitambaa alichokuwa akikidarizi tangu msimu wa kahawa uliopita. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mjuaji kupita kiasi. Mama alikuwa mgonjwa, hainuki tena bila kushikwa. Kitambaa kilikuwa cha kutundikwa kanisani, msalaba wa sufu nyekundu katikati ya migomba, na alikuwa amekimaliza.

Lakini kilikuwa kimepinda, mwanangu. Wanaodarizi kwa sufu kwenye kitambaa cha matundu wanalijua hilo: mishono yote hulalia upande mmoja, na polepole huvuta kitambaa mpaka mraba ukaenda mshazari. Si kosa la mkono. Dawa yake ni kukilowesha, kukivuta pembe zote juu ya ubao uliochorwa mraba, kukibana kwa pini zisizoshika kutu, kisha kukiacha kivulini.

"Siku tatu," Mama aliniambia. "Usikiguse. Nataka nikione kimenyooka kabla sijaondoka."

Nikakibana siku ile ile. Lakini hilo neno, kuondoka, lilinitia hofu. Nilimwona akipungua kila nilipoingia chumbani. Jumanne nikajiambia siku tatu ni nyingi mno, nikautoa ubao kivulini, nikauweka juani kwenye mkeka wa kuanikia kahawa. Adhuhuri sufu ilikuwa ya moto mkononi. Nikang'oa pini, nikakipiga pasi ya mkaa, nikampelekea. Kilikuwa kimenyooka kabisa. Mama alilia kwa furaha, nami nikajiona binti mwema kuliko wote Kamuli nzima.

Jumatano asubuhi kilikuwa kimerudi mshazari, pale pale kwenye kiti alipotaka kiwekwe akitazame. Nilitaka kukificha kabla hajaamka, kumbe alikuwa macho.

"Ulikianika juani?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Mtoto wa mkulima wa kahawa wewe. Buni ikikauka ganda, ndani ikawa mbichi, baba yako huitia guniani?"

Nikasema hapana. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akaniambia nikiloweshe tena, nikibane upya, nianze kuhesabu siku tatu.

Mama alifariki Ijumaa, wakati wa chai ya asubuhi. Ubao ulikuwa nyuma ya mlango, kitambaa bado kina unyevu. Hesabu mwenyewe, mwanangu: ningemsikia, Alhamisi angekiona. Nilishindana na kifo kwa pasi, nikamnyima kile kile nilichotaka kumwahishia. Jumamosi niling'oa pini na hakikupinda tena. Nimezeeka nikikitazama ukutani kanisani, na bado naumia.

Basi nakuusia. Mzazi akikupa kazi pamoja na muda wa kuifanya, vipokee vyote viwili. Hofu ya kumpoteza ikikushika, usiimalizie kwenye kazi yake. Ingia ukae naye, mshike mkono, muulize kama anataka maji. Mimi nilikuwa uani nikichochea mkaa wa pasi, naye yuko peke yake chumbani.

Mungu akupe moyo mtulivu karibu na kitanda cha mgonjwa. Na wale unaowapenda wakiomba kuona kitu kabla ya kuondoka, akujalie wakione.