Motokari Juu ya Sakafu ya Dansi

Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, karakana yetu ya Kolwezi ilijua malori tu. Motokari za Wazungu zikiharibika zilipandishwa treni hadi Elisabethville, nasi tukabaki na matope ya mgodini. Kwa hiyo msimamizi alipotukabidhi mimi na kaka wa mke wangu motokari nyekundu ya mhandisi mmoja, nilijiona kama mtu aliyepewa farasi.

Ilikuwa ya watu wawili, haina paa, imelala chini kama paka anayewinda. Tumbo lake lilikwaruza kila tuta la udongo mwekundu. Kazi yetu ilikuwa kuiinua kidogo.

“Jumamosi Bwana anakuja kuiona,” msimamizi alisema. “Ikikuwa mubaya, inaenda na treni, na nyinyi munarudia malori. Sitawauliza tena.”

Mbele haikubebwa na springi kama za lori. Ilibebwa na fimbo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zilizojisokota magurudumu yalipopanda. Ncha ya fimbo ilikuwa na meno. Unaichomoa, unairudisha ukiwa umeruka jino moja, na upande ule unainuka. Tulifanya hivyo, tukapima kwa kijiti kutoka sakafuni: kulia na kushoto sawasawa. Tukaitoa barabarani tukicheka.

Barabarani ikainama upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

“Hii motokari imelewa,” shemeji yangu alisema.

Tukairudisha ndani, tukapima: sawa. Tukaitoa: imeinama. Ijumaa mchana wenzetu wa malori walikuwa wamekwisha kutupa jina la mafundi wa treni.

“Ba-mécanicien ba treni!” walipiga kelele. “Mufunge mizigo!”

Nilikuwa nimekaa kwenye tairi, moyo mzito, mtu mmoja alipomwaga maji kuosha injini. Maji yakakimbia yote kuelekea mlangoni. Yalikimbia hivyo kila siku. Sakafu yetu ilijengwa imeteremka kusudi, ili matope ya malori yatoke. Na motokari yetu ilikuwa imesimama kimkingamo kwenye mteremko ule, upande mmoja juu na mwingine chini. Upande wa chini ulibeba uzito zaidi, ukashuka, sisi tukauinua zaidi ili ulingane na mwenzake. Kwenye ardhi tambarare ukabaki juu.

“Shemeki,” nikasema, “wapi Kolwezi hii kuna sakafu ya sawa kabisa?”

Akanitazama. Wote wawili tulikuwa tunacheza dansi kila Jumapili.

Ukumbi wa dansi wa kambi ya wafanyakazi ulikuwa na sakafu ya saruji laini kama sahani. Mlinzi wake, mzee mnene kutoka Kasai, alisimama mlangoni mikono ameitanua.

“Hapa banacheza batu. Motokari inacheza na nani?”

“Tata,” nikasema, kama mtu anavyomwita baba yake, “tunaomba tu mpaka jioni.”

“Mafuta ikianguka moja, utailamba na ulimi.”

“Nitailamba, tata.”

Tukaisukuma ndani polepole, magunia yametandikwa chini. Nilimwaga maji kikombe kimoja pembeni. Yakasimama palepale, yasijue pa kwenda. Hapo shemeji yangu akakumbuka jambo jingine: motokari hii haiendi tupu, inambeba mwenyewe, na mwenyewe ni mnene. Ni nani kambini aliyekuwa na tumbo la mhandisi?

Sote tukamgeukia mlinzi.

“Munanitukana,” alisema, lakini alikuwa amekwisha kuvua kofia. Akajiingiza nyuma ya usukani, akatulia, akaanza kusalimia akina mama waliochungulia madirishani kwa kuinua vidole viwili. Tukarudisha meno ya upande uliozidi, tukaisukuma mbele na nyuma ili ikae vizuri, tukapima na yeye ndani. Tulipomaliza alikataa kushuka.

“Mupime tena,” alisema. “Mi sina haraka.”

Jumamosi mhandisi alikuja. Akaizunguka, akainama, akaniambia nipande kiti cha pembeni. Tukatoka mjini kwa barabara ya Lubudi, vumbi likifunguka nyuma yetu kama pazia. Tulipofika kwenye reli nilifumba macho nikingoja mkwaruzo. Tulivuka, na sikusikia kitu isipokuwa upepo. Kisha barabara iliponyooka akaachia usukani. Motokari ikaenda yenyewe, imenyooka kama uzi, na mimi nikacheka kwa sauti mbele ya Mzungu, nikashindwa kujizuia.

Akasimama, akazunguka hadi mlango wangu.

“Rudisha weye,” alisema.

Niliingia Kolwezi nikiwa nimeshika usukani, yeye pembeni yangu, kofia mapajani. Watu wa malori waliacha kazi. Msimamizi alikuwa getini. Hakutusifu. Alitazama magurudumu, akatazama uso wangu, kisha akageuka akamwita karani aliyekuwa anaipeleka motokari nyeusi ya daktari kwenye kituo cha treni.

“Iache,” alisema, akituonyesha kwa kidole mimi na shemeji yangu. “Iingize kwa bale babili.”